Majalada ya Siri Kwenye Simu ya Mama Mkwe

Leo simu imenivua nguo sebuleni kwangu, mchana kweupe, mbele ya mama mkwe. Na simu yenyewe niliifuta mwenyewe. Wiki nzima niliifuta.

Naandika humu kundini mapema kabla wifi yangu hajaandika, maana yeye ataongeza chumvi. Mimi nitawapa mambo kwa mpangilio, jinsi yalivyotokea, halafu mtaamua kama bado mnanifahamu.

Kwanza mjue kilichokuwa hatarini. Likizo yangu ya uzazi imekwisha, kesho Jumatatu narudi kazini. Mwanangu Pendo hajatimiza hata miezi mitatu. Dada wa kazi wa kwanza alikaa siku tisa. Wa pili alikwenda kununua nyanya na hajarudi mpaka leo (nyanya tulishanunua kwingine). Mtu pekee aliyebaki duniani wa kumshika mtoto ni mama mkwe wangu, mama yake Elia, mkulima wa Haneti. Elia akamwomba. Mama akajibu kwamba atakuja Ijumaa, atazame kwanza. Akiona panakalika, atakaa. Asipoona, Jumanne anarudi kwenye karanga zake.

"Atazame kwanza." Anayemjua mama mkwe wangu anaelewa uzito wa maneno hayo. Mwaka juzi alishuka kwenye basi la kwanza bila kumwambia mtu, akaingia na mfuko wa unga wa uwele kichwani, akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na kabla sijamaliza kuitikia alishafunua masufuria yote matatu. La tatu lilikuwa na ugali wa juzi. Alilifunika tu, taratibu, jinsi watu wanavyomfunika marehemu.

Kwa hiyo safari hii nikapanga kumlainisha. Nilikuwa nimepata simu mpya, na ile ya zamani bado nzima, ufa mmoja tu kwenye kona ya kioo. Mama anatumia kitochi ambacho namba zake zilishafutika kwenye vitufe. Anabonyeza kwa kukariri. Nikasema nitampa simu yangu, afurahi, aone picha za mjukuu. Ila kwanza niifute.

Hapa ndipo dharau yangu ilipoanza, na nitaikiri yote.

Mnamkumbuka yule mwenzangu wa ofisini aliyempa shemeji yake simu ikiwa na video anaimba mbele ya kioo amejifunga taulo? Mnakumbuka nilivyomchambua humu humu? Niliandika kwamba mtu anayegawa simu bila kuifuta ni sawa na anayegawa koti huku barua zake ziko mfukoni. Nikasema elimu yetu imekwenda wapi. Mlinipigia makofi mengi. (Nimekwenda kuyatazama sasa hivi. Bado yapo.)

Basi Jumatatu iliyopita nikampigia Baraka, kijana wetu wa TEHAMA, ili kuthibitisha tu yale ninayoyajua. Akasema, "Dada, ingia kwenye mipangilio, irudishe kama ilivyotoka kiwandani. Dakika tano, umemaliza."

Dakika tano! Nilimhurumia. Mimi ni mtu wa masjala. Miaka kumi na miwili natunza majalada ya serikali, na jambo la kwanza tunalofundishwa ni kwamba jalada haliteketezwi kwa jumla. Linapitiwa karatasi kwa karatasi, linaorodheshwa, linawekewa saini. Nikamwambia, "Baraka, nyinyi watu wa kompyuta mnabomoa ghala ili kumtoa panya mmoja." Akasema sawa dada. Sasa naijua ile sawa dada ilikuwa na maana gani.

Nikanunua daftari. Nikachora safu. Picha nilizipitia moja moja, mtoto akiwa amelala mgongoni: picha za harusi za watu nisiowajua, picha za mabango, picha kumi na nne za kidole changu. Futa, andika, saini. Ujumbe wa maandishi, futa. Ujumbe wa sauti niliomtumia mdogo wangu kumlalamikia wifi, huo niliusikiliza wote kabla ya kuufuta (utaratibu ni utaratibu, na pia nilikuwa na hoja nzuri). Ijumaa asubuhi nikafunga daftari. Nikaweka saini ya mwandaaji. Sehemu ya mkaguzi nikaiacha wazi, kwa sababu nyumba nzima sikuona mwenye sifa.

Kitabu cha majina sikukigusa. Kwa akili yangu, majina yanakaa kwenye laini. Laini nimeitoa, basi majina yametoka nayo. Kwa nini nifungue kabati nililokwisha kulihamisha?

Sasa lazima niwaeleze ninavyoandika majina. Masjala, kila jalada lina kichwa, na kichwa kizuri kinakueleza kilichomo bila kulifungua. Ukiona jalada limeandikwa "Barua" tu, aliyeliandika ni mvivu. Mimi si mvivu. Fundi wangu wa maji hakuandikwa "Fundi." Ameandikwa "Fundi Maji Kesho Bila Kukosa." Simu ikiita, nasoma kichwa, najua kama nipokee nimekaa au nimesimama. Nimeishi hivyo kwa amani kwa miaka mingi.

Mama akafika Ijumaa. Shikamoo, marahaba, akaingia. Masufuria alifunua yote. Yote yalikuwa yanang'aa. Akapitisha kidole juu ya kabati, kidole kikarudi safi. (Pale nilifuta mara mbili. Kumbe ndipo mahali pekee nilipofuta vizuri.) Akambeba Pendo, mtoto akalala palepale. Jumamosi akafua nepi bila kuombwa. Elia akaninong'oneza kwamba mambo yameiva.

Jumamosi hiyo hiyo nikaongeza wema, na wema huo ndio ulioniua. Mama herufi ndogo hazioni vizuri. Nikagundua simu ina uwezo wa kutaja kwa sauti jina la anayepiga. Nikauwasha. Sauti nikaipandisha mpaka mwisho, kwa kuwa nyuma ya nyumba yetu hapa Kizota kuna fundi wa mageti, na mashine yake ya kukatia chuma haijui Jumapili wala sikukuu. Nikaweka laini moja ya ziada, nikajaribu kupiga kwa simu yangu mpya. Simu ikasoma namba yangu, tarakimu moja moja. Nikaridhika. Haikunijia kwamba hakuna mtu anayejiandika mwenyewe kwenye kitabu chake cha majina.

Leo baada ya ibada tukakaa mezani: mimi, Elia, mama, na wifi Roda, dada mkubwa wa Elia, aliyetoka Chang'ombe, hapa hapa mjini, kuja kumsalimia mama yake. Roda hajawahi kuingia kwangu bila kuuliza swali ambalo ndani yake kuna kosa langu. Leo lilikuwa, "Mtoto huyu anavaa soksi moja?" Kwa kuwa siku ilikuwa ya heshima, nikatabasamu nikatafuta ya pili.

Ugali umeshafika, mlenda upo, kuku yupo. Nikaona niikabidhi simu kabla ya kula. Nikaitoa kwa mikono miwili, mama akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza mbele na nyuma, akauliza kama hakuna vitu vyetu ndani, asije akabonyeza akaona mambo ya watoto wake.

Nikacheka kicheko cha mtaalamu. "Mama, simu hii ni safi kama sahani iliyooshwa na kufutwa."

Elia akatoa laini moja ya mama kwenye kitochi akaitia kwenye simu hiyo. Ile nyingine ikabaki kwenye kitochi, kwa kuwa ndiyo inayoshika vizuri Haneti. Tukaomba. Tukanawa. Nikashika tonge la kwanza.

Simu ikaita. Nyuma, fundi anakata chuma. Na juu ya chuma ikasikika sauti ya mashine, yenye lafudhi ya mmisionari wa wiki ya kwanza:

"Mwinjilisti. Sala Ndefu. Chakula Kinapoa."

Tonge likaniganda mkononi: kumbe majina yalikaa kwenye simu yenyewe. Mama akafurahi sana kwamba mwinjilisti wao ndiye wa kwanza kumpigia kwenye simu yake mpya. Mashine ya nje ilikuwa imemeza maneno mengi, au ndivyo nilivyojipa moyo. Akapokea, sauti ikatoka kwa wote. Mwinjilisti alitaka kujua kama amefika salama. Alipoambiwa amefika, akasema basi tushukuru. Akashukuru kwa ajili ya basi na dereva wa basi. Akaiombea nyumba, mtoto, kazi yangu, na simu yenyewe. Sote tumeinamisha vichwa. Nilifungua jicho moja kutazama mlenda: umeanza kutengeneza ngozi juu. Nikafungua jicho la pili kumtazama Roda. Roda naye alikuwa anautazama mlenda.

Amina ilipofika, Roda akasema, "Mama, kabla hujapokea, ilisema nini?"

"Ilisema mwinjilisti."

"Iliendelea."

Nikasema ni mtandao tu. (Kila kitu nchi hii kikiharibika tunasema ni mtandao. Leo nimejua kwa nini: hakuna jambo jingine linalokuja mdomoni haraka hivyo.) Nikanyoosha mkono, nikamwambia mama anipe nirekebishe kitu kidogo. Mama akaikumbatia kifuani akasema niache, ajifunze. Na Roda tayari ameshika simu yake, anampigia mama aliyekaa hatua moja kutoka kwake.

Wakati huo huo fundi wa mageti akazima mashine akaenda kula. Kizota yote ikanyamaza. Miaka minne nimeomba mashine ile inyamaze.

"Wifi Roda. Lawama. Juzuu ya Pili."

Hakuna aliyepokea. Ikasoma tena, kwa uvumilivu, kama mwalimu wa imla. Roda akakata. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Juzuu ya kwanza iko wapi?"

"Ilijaa," nikajibu.

Msiniulize kwa nini nilijibu. Miaka kumi na miwili, ukiulizwa liliko jalada, unajibu.

Elia mume wangu ni mtu mwema, na watu wema wana tabia ya kuingia kwenye shimo kukusaidia kuchimba. Akacheka kwa nguvu, akasema simu za siku hizi zina akili zao, zinabuni maneno zenyewe, si kosa la mtu. Akatoa yake. "Subirini nipige mimi, mtaona." Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akadhani namtia moyo.

"Mume. Tangi la Maji. Linasubiri Utekelezaji."

Elia akageuka kutazama dirishani. Nje kuna mnara wa matofali tuliojenga mwaka juzi ili ubebe tangi. Juu yake kulikuwa na kuku amekaa.

Mama akaingiza mkono kwenye pindo la kanga, akatoa kitochi.

"Na mimi nijipigie."

Nikasema, "Mama, tule kwanza, chakula kinapoa."

"Hilo hata simu imesema," akajibu.

Kwa hiyo alisikia. Tangu mwanzo alisikia kila kitu, mashine ya nje ikinguruma na yote. Akabonyeza vile vitufe visivyo na namba, polepole, kimoja baada ya kingine, na mimi nilihesabu vyote kumi nikiomba akosee hata kimoja. Hakukosea.

"Mama Mkwe. Ukaguzi wa Kushtukiza. Siri."

Kwa wasiojua: masjala tuna majalada ya wazi na majalada ya siri. Ya siri yana kabati lake, kufuli lake, na mtu mmoja tu mwenye ufunguo. La mama lilikuwa la siri. Ndilo hilo lililokuwa linasomwa mezani, mara ya pili, mara ya tatu, na mama hakati. Mara ya tatu hata Pendo akaamka kusikiliza.

Mwishowe mama akakata. Akamgeukia mwanawe. "Elia, ukaguzi wa kushtukiza ndiyo nini?"

Elia akasafisha koo. Akaniangalia. Mimi nilikuwa naangalia soksi ya mtoto.

"Ni pale, mama, mtu anapokuja kutazama mambo bila kutoa taarifa."

"Nitoe taarifa ya kuja kwa mwanangu?"

Roda ndiye aliyejibu: akasema yeye alisema tangu mwanzo, akanyanyua mkoba wake, akamwambia mama avae viatu waende Chang'ombe, wasikae kwenye nyumba inayowaandika watu kama wahalifu. Nikaiona kesho yangu yote ikipita mbele ya macho: mimi ofisini, nimepanga majalada kwa mkono mmoja, Pendo analia kwenye droo ya herufi P.

"Kaa, Roda," mama akasema. "Elia, fungua humo. Nisomee yote."

Yote, ndugu zangu. Elia akafungua kitabu cha majina, akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya msiba. Fundi Maji Kesho Bila Kukosa. Jirani Naomba Chumvi. Baraka TEHAMA Anajifanya Anajua. (Huyu nitamwomba radhi kesho asubuhi, kabla ya chai.) Mama anasikiliza amefumba macho. Elia aliporudia la mwinjilisti, bega la mama likatikisika. Nikadhani analia. Likatikisika tena. Akafuta macho kwa kanga akasema, "Huyo ni yeye kabisa. Msiba wa dada yangu aliomba mpaka uji ukakatika." Elia alipofika kwa Roda, mama hakucheka. Alimwangalia binti yake, akasema taratibu, kama mtu anayeuliza bei: "Ya kwanza ilijaa, mwanangu?" Roda akaanza kula.

Mimi nikapiga magoti. Nikasema mama nisamehe, nipe simu niifute sasa hivi, kwa dakika tano, najua namna. (Ndiyo. Dakika tano.)

Mama akaitia simu kwenye pindo la kanga akafunga fundo.

"Usifute. Umri huu wote napokea simu bila kujua mtu anataka nini kwangu. Hii inaniambia kabla sijapokea. Hii ndiyo zawadi." Akavuta sahani yake. "Na Jumanne sirudi. Tangu lini mkaguzi akakuta kasoro akaondoka? Anakaa mpaka zirekebishwe."

Elia akashusha pumzi. Mimi pia, nusu. Nimepata nilichokitaka, na nimekipata kwa namna ambayo hadi mtoto huyu aingie darasa la kwanza sufuria zangu hazitapumzika.

Nikadhani tumemaliza. Mama akauliza, "Na wewe umeandikwa nani humu?"

Nikamweleza kwamba mtunza masjala hana jalada. Akasema hiyo ni kasoro ya kwanza. Akafungua fundo, akampa Roda simu, akamwambia kichwa cha habari cha kuandika. Roda akaandika kwa vidole viwili, na ninyi mngeuona uso wake mngesema ameokoka upya. Kisha nikaamriwa nipige, tujaribu. Nikapiga. Nje fundi amemaliza kula ila bado hajawasha mashine.

"Mkwe. Sahani Safi. Ina Mabaki."

Kesho saa nne nitapiga kutoka ofisini kuuliza kama mtoto amenyonya chupa, na kichwa hicho kitasomwa kwa sauti ya mwisho, dirisha wazi, fundi wa mageti na vibarua wake wakisikia. Fundo la kanga halifunguki kwa ajili yangu.

Hilo ndilo lililonipata. Daftari langu lipo, saini yangu ipo, na ile sehemu ya mkaguzi sasa ina dole gumba la mama, kwa wino wa bluu. Mnaotaka kucheka, chekeni kwa adabu: namba zenu nilizihamishia zote kwenye simu yangu mpya, na vichwa vyenu viko vilevile kama nilivyoviandika.